Chungu cha Peke Yake

Ibra, 28 Januari 1984

Mwanangu Nadhir,

Hii ni barua ya mkono wangu. Dada yako Ghalia alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Nimemwambia, mie niliyepika pilau za harusi Mkunazini kule Unguja mpaka mabwana wakubwa wakawa wananitumia gari, leo nishindwe na kalamu? Herufi zangu kubwa, karatasi zinakwisha upesi, lakini zasomeka. Ukishindwa kuzisoma, kosa la macho yako, umeyaharibu kwa kutazama mashine.

Huku wazima. Baridi ya alfajiri inauma. Pampu ya shamba imekufa tena. Kaja fundi akaifungua, akaifunga, akaniachia skrubu mkononi hajui imetoka wapi. Nikamwambia chukua ujira wako uende. Mie nina mwanangu Osaka anasomea hizo hizo pampu kwa wenyewe waliozitengeneza, akirudi Disemba na cheti chake hakuna mashine ya maji mkoa mzima wa Sharqiya itakayokohoa.

Sasa lawama. Barua zako zote ni hali ya hewa. Theluji, theluji. Theluji hailiwi. Mie nataka kujua unakula nini, unakula na nani, na mnakaa vipi mkila. Mie watu nawajua kwa kuwatazama wakila, hiyo ndiyo elimu yangu, sina nyingine.

Hapa barzani kwangu watu wakinywa kahawa wananiuliza kila siku, "Mahrous, mwanao anakula nini kwa Wajapani?" Nami sina jawabu. Usiniaibishe.

Baba yako,
Mahrous bin Soud


Osaka, 14 Februari 1984

Baba yangu mpenzi, shikamoo.

Nisamehe kwa theluji. Leo sitaitaja.

Jumamosi kazi karakanani inakwisha adhuhuri, na msimamizi wetu, Bwana Morita, anatuchukua sote kwenda kula kwenye mkahawa mdogo nyuma ya stesheni. Mlangoni wametundika pazia fupi, unaingia kwa kuinama. Mwenye mkahawa ni mama mtu mzima, Bi Okada. Anatupigia kelele kama anatufukuza, kumbe anatukaribisha.

Katikati ya meza pana jiko la gesi, na juu yake chungu cha udongo kipana. Wanakiita nabe, maana yake chungu tu. Supu inachemka mbele yenu. Mna kabichi, uyoga, vitunguu vya majani, na jibini nyeupe ya maharage inayotetemeka kama halua haijaganda. Nyama inaletwa mbichi kwenye sahani, imekatwa nyembamba hata unaona maua ya sahani kwa chini yake. Kila mtu anachukua kipande kwa vijiti vyake, anakizamisha, anakitikisa kidogo mpaka kibadilike rangi, anakichovya kwenye sosi yenye ndimu, anakula. Anayechelewa, mwenziwe anamwibia. Hapo ndipo inapoanza kelele. Bwana Morita karakanani hasemi neno kutwa nzima, lakini pale anacheka mpaka miwani inajaa mvuke haoni mbele, na watu wanamwibia kila alichotia.

Nami wameniwekea chungu changu peke yangu, kidogo, na jiko lake. Samaki na mboga. Kizuri sana. Usiwe na wasiwasi kuhusu chakula.

Msalimie Dada Ghalia na wote wa hapo barzani.

Mwanao,
Nadhir


Ibra, 3 Machi 1984

Nadhir, marahaba.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, polepole, na nilipofika pale kwenye chungu chako peke yako nilisimama. Wallahi nilisimama wima. Nikamwita Ghalia kutoka jikoni, nikamwambia, umesikia? Wenziwe wote wanagombania chungu kimoja kama kuku wa uani, na yeye Mjapani kamtengea chungu chake na moto wake!

Wale watu wana akili. Wametazama uso, wametazama mtu anavyokaa, wakajua huyu mtoto wa watu. Unguja zamani, kabla hatujahamia huku, kwenye harusi, nani aliyekuwa akitengewa sinia lake? Kadhi na bwana harusi, basi. Na nilikuwa nikilipakua mie kwa mkono wangu, nikalifunika kawa, nikalibeba mwenyewe, simwachii mtu. Leo mwanangu anapakuliwa hivyo hivyo nchi asiyokuwa na ami wala mjomba.

Nimetoka nikasema. Nimesema sokoni. Nimemwambia imamu baada ya sala, akasema mashallah. Nimepita mlangoni kwa jirani Thuwaini nikasema kwa sauti, nikijua yumo ndani.

Sasa shika nasaha. Ukae wima. Usile mbio. Na usimruhusu mtu kuingiza vijiti vyake kwenye chungu chako, hata huyo Morita.

Nami huku mambo yangu makubwa vile vile. Nimejichimbia tanuri yangu mwenyewe ya shuwa, nyama ya kufukia, hapa hapa nyumbani. Idi Kubwa iliyopita nyama yangu niliifukia peke yangu, haikuchanganyika na ya mtu, ikatoka laini mpaka mifupa inatafunika. Mtaa mzima waliila wakasifu.

Baba yako,
Mahrous bin Soud


Ibra, 4 Machi 1984

Nadhir ndugu yangu,

Barua hii naitia posta mwenyewe nikitoka skuli. Wanafunzi wangu wanafanya hesabu, nami naandika chini ya daftari zao, kwa hivyo nitakwenda mbio.

Baba tangu juzi kama kavikwa nishani. Jana kamsimamisha dereva wa lori la maji njiani akamsimulia habari ya chungu chako, na nyuma magari yanapiga honi. Sina moyo wa kumkatiza. Lakini wewe nataka ujue yaliyo kweli.

Hakuna barza. Tangu Idi Ndogo ya mwaka jana, ulipokuwa umeshaondoka, nyumba hii hanywi kahawa mtu ila mimi na yeye.

Unalikumbuka shimo la mtaa la kupikia shuwa, pale ubavuni mwa nyumba ya Ami Thuwaini. Kila nyumba ilitia nyama yake kama kawaida, imefungwa majani ya mgomba ndani ya gunia, shimo likazibwa kwa udongo mpaka kesho yake. Siku ya kufungua, baba akachukua gunia lake, akaonja pale pale mbele ya wanaume, akasema, "Hii si nyama yangu. Bizari yangu naijua. Nyama yangu kaichukua Thuwaini." Mbele ya watu, Nadhir, na siku ya sikukuu. Ami Thuwaini hakugombana. Alisema tu, "Basi chukua na yangu, Mahrous, mie nitakula wali mkavu." Watu wakacheka. Wangenyamaza ingekuwa afadhali.

Nilipofungua gunia nyumbani nikakuta fundo langu mwenyewe, lile la kuzungusha ukambaa mara mbili alilonifundisha marehemu mama. Ilikuwa nyama yetu. Nikamwonesha. Akalitazama fundo, akasema, "Kula, inapoa."

Tangu siku hiyo hakwenda tena kukaa na wenziwe. Walikuja kumwita, akajitia amelala. Hakuna aliyemtenga, kajitenga mwenyewe. Idi Kubwa kachimba shimo lake nyuma ya choo, akafukia paja moja la mbuzi, tukala wawili. Huo ndio mtaa mzima. Na paja lenyewe liliungua.

Sasa na wewe nambie kweli. Kwa nini una chungu peke yako? Kwenye hicho kikubwa mna nini? Baba hakuuliza. Mimi nauliza.

Dada yako,
Ghalia


Osaka, 20 Machi 1984

Dada Ghalia,

Mna nguruwe. Ndicho chakula wanachokipenda kuliko vyote siku za baridi, na si ghali, kwa hivyo mafundi wanakimudu.

Wiki ya kwanza nilipomwambia Bwana Morita kuwa sisi hatuli, alisikitika hata akainama mbele yangu, mtu mzima kama yule. Wiki iliyofuata Bi Okada alikuwa ameshanunua chungu kipya. Anakivingirisha kitambaa, anakiweka juu kabatini, hampikii mtu mwingine. Jiko langu analiweka pembeni mwa meza ili supu yao isinirukie. Ni wema mtupu, dada, na ndiyo maana sina la kulalamikia.

Lakini samaki wangu anaiva mara moja. Nakula, namaliza, halafu nakaa natazama. Saa nzima wanachovya, wanaibiana, wanapigana vijiti, na kila baada ya muda mmoja wao anakumbuka kunigeukia anitabasamie. Mtu akila peke yake hakuna wa kumwibia. Mimi hata siku moja sijaibiwa.

Jumamosi mbili sasa sikwenda. Nasema tumbo linauma. Nakula mkate na mayai chumbani na redio nimeifungua ili pasiwe kimya. Nimeuliza ofisini kama naweza kurudi Juni. Wamesema naweza, lakini bila cheti. Wanataka jawabu kabla ya nusu ya Juni.

Habari ya baba na Ami Thuwaini imeniuma. Usimwambie habari yangu. Mwache afurahi na chungu chake.

Nadhir


Ibra, 7 Aprili 1984

Nadhir,

Ghalia kanambia. Usimkasirikie. Nilimwona anaosha sahani moja haishi kuiosha, nikajua ana jambo, nikakaa mlangoni mwa jiko mpaka akalitoa.

Nguruwe! Na mie nimemwambia imamu!

Nimekaa kitako siku nzima. Jioni nikainuka na maneno haya, uyasome vizuri.

Kwanza la dini. Umekula? Hukula. Basi, pamekwisha hapo. Mtu kula chake mbele yako hakukutii dhambini. Mie kabla sijawa mpishi wa harusi nilitumikia Wazungu Shangani, niliyoyaona kwenye sahani zao siyataji, na asubuhi nikisali kama kawaida.

La pili. Mie nimeshasema kuwa chungu chako ni cha heshima. Nimesema sokoni, nimesema msikitini, nimesema mlangoni kwa mtu nisiyemtaja. Maneno yangu sirudishi. Tangu uzaliwe hujapata kuniona nikirudisha neno. Kwa hivyo wewe ndiye utakayelifanya liwe kweli.

Kosa lako nitakwambia. Muda wote huo unakaribishwa na wewe hujakaribisha mtu. Umekaa pembeni na kichungu chako kama mgonjwa wa hospitali aliyeletewa uji. Wale masikini wamefanya wanalolijua, wangefanya nini tena? Nani anayetia kijiti kwenye uji wa mgonjwa?

Tafuta chungu kikubwa kuliko chao. Kipya. Tafuta Muislamu akuchinjie kuku. Nyama uikate nyembamba kama yao. Mifupa uichemshe kwanza, hiyo ndiyo supu, halafu tui, tui jepesi, zito litakatika kwenye moto. Bizari nakutumia ya mkono wangu. Ndimu kavu nakutumia za hapa hapa Ibra, uzitoboe kwa kijiti kabla hujazitia, usipozitoboa hazitoi kitu. Pilipili tia chache ukiwahurumia, tia nyingi ukitaka wakukumbuke.

Halafu waite wote, ukae katikati. Usikae pembeni. Na mtu akikuibia kipande, mwibie viwili.

Ukirudi Juni bila cheti, utaingia, kwa sababu Ghalia atakufungulia. Mie utanikuta nimelala.

Baba yako,
Mahrous bin Soud


Osaka, 21 Aprili 1984

Baba, shikamoo.

Kifurushi kimefika. Forodha walikifungua, wakakifunga tena kwa adabu, na kila aliyekishika mkono umenuka bizari. Chumba changu sasa kinanuka jikoni kwetu. Usiku wa kwanza sikuweza hata kula.

Nimekubali. Nitawaalika. Lakini nina sharti, na uniwie radhi, maana sijapata kukuwekea sharti maishani.

Habari ya shimo nyuma ya choo ninayo. Usimgombeze Dada Ghalia, kosa nalibeba mimi. Unaniambia nisikae pembeni, nikae katikati. Wewe umekaa wapi, baba?

Mimi nitawaalika Wajapani. Wewe mwalike Ami Thuwaini kabla ya Ramadhani kuingia. Ukimwita, nakaa mpaka Disemba nichukue cheti. Usipomwita, narudi Juni, na si kwa sababu ya nguruwe. Narudi nije nile na wewe, maana siwezi kukaa mbali huku nikijua unakula peke yako na unaniandikia kuwa mtaa mzima unakusifu.

Mwanao mtiifu, ingawa leo hutasema hivyo,
Nadhir


Ibra, 5 Mei 1984

Nadhir bin Mahrous,

Siku hizi watoto wanawawekea baba zao masharti. Hayo Japani wanayafundisha pamoja na pampu?

Mie sili peke yangu. Nakula na Ghalia. Ghalia akiwa skuli nakula na paka. Paka ana adabu kuliko Thuwaini.

Thuwaini mlango wangu anaujua. Yeye ndiye aliyewachekesha watu. Alipokuwa Wete na kiduka chake cha mafuta ya taa, hana mke wala mpishi, nani kila akivuka kwenda kupika harusi Pemba alikuwa akimpelekea sahani ya pilau iliyofunikwa? Mie. Nani aliyemchagulia nyama ya mbavu, kwa sababu meno yake mabovu tangu ujana? Mie. Leo mie niende kwake nikagonge? Siendi. Neno langu ni hilo.

Usirudi Juni.

Mahrous bin Soud

Ndimu ulizitoboa?


Osaka, 13 Mei 1984

Baba, shikamoo.

Jawabu lako sijalipata. Sikuweza kulingoja, maana joto linaanza na Bi Okada yuko mbioni kuyaondoa majiko mezani mpaka baridi irudi. Nilisema nikikawia hapatakuwa na chungu cha mtu yeyote. Jana tumekula.

Nilikwenda Kobe, msikitini. Nikampata Mhindi mwenye duka la viungo, akanichinjia kuku, akaniuzia na tui la mkebe. Bi Okada nilimweleza kwa Kijapani changu kibovu, akadhani nataka kununua mkahawa wake. Alipofahamu akanipa chungu kikubwa kipya, bado kimefungwa gazeti, akaniachia jiko. Kuniachia yenyewe ni kusimama nyuma yangu mikono kiunoni na kuuliza kila ninachotia. Ndimu kavu alizinusa akasema zimeoza, nizitupe. Nilizitoboa, baba.

Walipoingia nilikuwa nimeshakaa katikati. Bwana Morita alisimama kwenye pazia hajui akae wapi, maana pale ni pake. Nikampigia meza kwa kiganja, hapa, ubavuni mwangu. Wawili waliagiza nguruwe wao kama desturi, wakawekewa kule mwisho wa meza, kwenye chungu kidogo cha mkahawa. Nilicheka peke yangu, hawakujua nacheka nini. Chupa zao za bia waliziweka chini ya meza. Sikuwaomba.

Mwanzo hakuna aliyechovya. Wamezoea kuwa chungu kilicho mbele yangu hakiguswi. Walikaa na vijiti mkononi wananitazama, supu inachemka, tui linaanza kupanda. Nikachukua kipande cha kuku nikakitia kwenye bakuli la Bwana Morita. Akala. Akavua miwani, akafuta macho. Nikasema basi, pilipili zimemmaliza, na mafunzo yangu ndiyo yamekwisha. Kumbe anaivua ili asizuiwe na mvuke. Akachukua cha pili, akachukua cha tatu, heshima ikaisha mezani pote.

Fundi mmoja, Kubo, tui hakulipenda. Alisema ni kama kunywa maziwa na samaki. Akarudi kwa nguruwe wake. Lakini hatulii, kila mara anainuka kuja kuiba kuku, na mara ya kwanza alikuja na vijiti vile vile. Bi Okada akampiga kofi la mkono, akamtupia vijiti vipya, akamgombeza kwa maneno ambayo hawatufundishi darasani. Tangu hapo Kubo kila akija anainua vijiti vipya juu, anamwonesha kwanza.

Walitokwa jasho, wakalegeza tai, wakaniuliza baba yako ni nani. Nikasema ni mpishi mkubwa wa Zanzibar. Wakainamia chungu.

Mwisho tulimimina wali kwenye supu iliyobaki. Kipande changu cha mwisho nilikuwa nimekiweka kando ya bakuli nikile na wali. Nikageuka kumjibu mtu. Niliporudi hakikuwepo. Bwana Morita anatafuna, anatazama dari.

Baba, nimeibiwa.

Cheti nakitaka sasa kwa moyo wangu. Jumamosi nitakwenda, na nyingine nitakwenda. Lakini sharti langu liko pale pale, na nusu ya Juni ofisi inataka jawabu. Nikirudi sasa sitakuwa nimekimbia huku. Nitakuwa nimekuja kwako.

Mwanao,
Nadhir


Ibra, 29 Mei 1984

Mwanangu Nadhir, marahaba.

Nakuandikia na vidole vinanata mafuta, karatasi ikichafuka ndiyo hiyo. Leo Ibra jua la kupasua mawe, mbwa hawatoki, nami nimewasha seredani barzani nikajaza mkaa.

Usidhani ni kwa sharti lako. Sharti la mtu sikulikubali wala silikubali. Ila uliponiandikia kuwa kuna fundi kala bizari yangu na tui langu halafu hakupenda, nilisema hapana, hili lazima lipimwe na mtu anayejua chakula. Na Ibra nzima, ukinitoa mie, anayejua chakula ni mmoja. Si kosa langu kama jina lake Thuwaini.

Nikaenda. Nikagonga. Akafungua mwenyewe. Kazeeka yule, mie sikuzeeka vile.

Nikamwambia, "Mwanangu kapika Japani chakula cha chungu katikati ya watu. Nataka shahidi."

Akasema, "Shahidi wa nini tena, Mahrous? Mara ya mwisho ulinifanya mwizi."

Nikasema, "Leo nakufanya shahidi. Umepanda cheo."

Akanitazama. Akasema, "Joto hili, ukae na chungu cha moto miguuni?"

Nikasema, "Wajapani wanakaa nacho kwenye theluji. Sisi dhaifu kuliko wao?"

Akasema, "Akili huna. Ngoja nitafute kofia."

Kaja na wanawe wote wawili. Ghalia alikata mbuzi nyembamba, kwa manung'uniko, anasema kisu hakikati hivyo, lakini alikata. Vijiti vya Kijapani hatuna, tukachukua vya mishikaki. Nyama ilikuwa inachomoka inazama, watu wanaifukuza chunguni, wameunguza vidole, wananilaani mie na Japani. Thuwaini kavua kanzu kabaki na fulana na kikoi, jasho linamtiririka ndevuni, anasema, "Mahrous, hiki si chakula, hii adhabu," na huku anachovya. Jirani kapita njia akauliza kama tumeingia wazimu. Tukamwambia ndiyo, kaa. Akakaa. Mwingine kaja kumtafuta yule, naye akakaa.

Basi katikati ya hayo Thuwaini akachomoa kipande kikubwa, akakiinua juu watu wote wakione, akaniuliza, "Hii nyama yangu au yako?"

Nilimwona Ghalia mlangoni kashika mdomo. Mie nikakitazama kile kipande, mafuta yanadondoka mkekani. Nikamwambia, "Iliyo kijitini mwako ni yako. Na iliyobaki chunguni ni yako pia."

Akala. Akatafuna muda mrefu kwa sababu ya yale meno. Akasema karafuu zimezidi. Nikasema ulimi wake umeharibika Wete kwa mafuta ya taa. Akasema pilau yangu ya Pemba ilikuwa kila siku mbichi chini, alikuwa anaila kwa adabu tu. Miaka yote hiyo! Nikamwambia angalisema ningaliwapa kuku waile. Tukaenda hivyo mpaka adhana ya alasiri. Hakuna aliyeomba radhi, na Ghalia akikuandikia kuwa kuna aliyeomba, usimsadiki.

Alipoinuka akafunga kikoi, akatafuta viatu vyake, akauliza bila kunitazama, "Kesho je? Keshokutwa huenda ikawa Ramadhani."

Nikamwambia mkaa ninao.

Kwa hivyo wewe kaa huko huko mpaka Disemba, uje na cheti chako. Ukija Juni utataabika bure. Mkeka umejaa, sina pa kukuweka.

Baba yako,
Mahrous bin Soud